Chumvi ya Ivuna

Fsss. Hewa ilitoka polepole kwenye kitambaa cha kupimia presha kilichonibana mkono, na nesi wa misheni akakifungua. Mpaka leo naisikia. Nilikuwa na miezi miwili tu ya ndoa, nimekuja kwa miguu kutoka Hasamba, na kichwani nilishawapa majina watoto wanne.

"Dada yako alikufaje?" akauliza.

Nikamwambia. Alivimba uso na miguu, mimba ya miezi minane, akashikwa na kifafa, hakuamka. Ni mimi niliyemshika miguu.

"Presha yako iko juu, na mimba bado hujashika. Ukiishika sasa, yaweza kukupata yaleyale. Subirini kwanza, wewe na mumeo. Chumvi acha. Urudi baada ya miezi mitatu."

Nilirudi nyumbani nikidhani mume wangu atanirudisha kwetu. Kumbe alinisikiliza huku akichambua kahawa, akasema, "Basi tutasubiri," akahamishia mkeka wake kwa kaka yake.

Mama mkwe ndiye aliyecheka. "Nimeletewa mgonjwa wa mkono! We mkamwana, mtoto hukaa mkononi?" Lakini hakuwa na roho mbaya. Siku ileile alichukua chumvi yote ya dukani iliyokuwa jikoni akampa jirani. "Haya, ya nesi imeondoka. Tutakula ya kule Ivuna. Hiyo imetoka kwenye udongo wetu, bibi zangu wameila wakazaa."

Nami nikaamini! Ilikuwa ya kijivu, imefungwa kwenye majani makavu, na maharage yaliyotiwa hiyo yalikuwa matamu. Niliyala miezi mitatu nikijiona mtiifu kuliko wote.

Siku ya kurudi misheni, mume wangu alikuwa ameshaanza kuuliza, "Miezi si imeisha?" Nami nilicheka kwa aibu.

Nesi akapima. Akapima tena.

"Chumvi umeacha?"

"Nimeacha, mama. Tunatumia ya Ivuna tu."

Akashusha mikono. "Binti, chumvi ni chumvi. Presha haijashuka hata kidogo."

Nikaiona miguu ya dada, kisha nikaiona yangu.

Nyumbani nilieleza nikilia. Mama mkwe akakunja uso. "Mimi sipiki vyungu viwili. Na maharage bila chumvi ni chakula cha msiba. Unataka kutuombolezea?"

"Mama, nitajipikia mwenyewe."

"Kwenye mafiga ya nani?"

Kwetu mkamwana hajiwekei mafiga. Mama mkwe ndiye humpa, akishazaa. Anayejiwekea ni kama anamzika mama mkwe angali hai. Na mimi, bila kupika kwangu, nisingefika huko kuzaa. Au ningefika kama alivyofika dada.

Wiki ile nilikula ugali mkavu, nikisingizia tumbo. Usiku niliota watoto wangu wanne wamesimama mlangoni, hawaingii.

Jumapili wote walikwenda kusali. Nikasema kichwa kinauma, na kweli kiliuma. Walipopotea nyuma ya mibuni nilishuka mtoni, nikachagua mawe matatu. Nilibeba moja moja, nikipumzika njiani, nikigeuka nyuma kila tawi lilipovunjika. Nikayapanga nyuma ya nyumba yetu. Nikateleka chungu kidogo: maharage na maji, basi.

Nikapiga magoti, nikapuliza moto.