Fuvu Lenye Mabawa

Utotoni mwangu, nyumbani kwetu Ixelles, Ubelgiji, kaburi halikunyoshewa kidole. Ukisahau, unaking'ata kidole hicho mara saba, la sivyo kinaoza. Hayo yalikuwa masharti ya dada yake baba, tuliyemwita Tante Mawazo, mwanamke aliyekuwa na sharti kwa kila kitu isipokuwa mdomo wake mwenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa tulipokwenda makaburini siku ya Watakatifu Wote, kumwekea maua marehemu tonton, ami yangu. Wakubwa wakisali, mimi nikavutwa na jiwe la kale la Mskoti mmoja, lililoegemezwa ukutani. Juu palichongwa fuvu lenye mabawa. Chini yake saa ya mchanga na mifupa miwili iliyopishana. Fundi alikuwa ameishiwa nafasi: neno moja halikuenea kwenye mstari, basi herufi mbili za mwisho akazibandika juu yake, ndogo ndogo. Nililipenda kosa lile. Kidole sikunyosha, nikajiona mjanja. Nilitandaza karatasi ya daftari juu ya jiwe, nikasugua penseli mpaka fuvu na maandishi vikajitokeza, na nyumbani nikaificha chini ya godoro.

Wiki mbili baadaye mama, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, alipoteza mtoto. Mama akiwa bado hospitalini, Tante Mawazo alitandika vitanda akaiona karatasi. Hakujua kusoma hata herufi moja. Aliileta mezani kwa baba akiwa ameibana kwa ncha za kucha.

"Papa Furaha, ona mwenyewe. Mutoto wako alileta muntu wa kaburi mu nyumba. Donc, mutoto wa maman alienda wapi? Ni huyu alimukula."

Nilimwambia baba ni mchoro tu, nimeupenda. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, midomo ikimchezacheza, kisha akaikunja mara nne.

"Bon," alisema. "Mumupeleke."

Nilipelekwa kwenye nyumba ya maombi Molenbeek. Siku tatu bila chakula, Tante akinikandamiza kichwa na kuniuliza nimekula watu wangapi. Siku ya tatu nilikiri, kwa sababu nilisikia harufu ya pondu, kisamvu cha kwetu, ikipikwa chumba cha pili. Mama aliporudi aliambiwa nimekiri, na tangu hapo hakunilaza tena kando yake.

Leo najua alama zile. Fuvu linasema sote tutakufa, saa ya mchanga kwamba muda unakwisha, mabawa kwamba roho inakwenda zake. Hakuna hata moja inayomtaja mtoto muuaji.

Watu huniuliza kama nimemsamehe Tante Mawazo. Bado namchukia, ila chuki hiyo imechoka. Yeye aliogopa asichokielewa. Baba ndiye nisiyeweza kumsamehe. Maandishi ya jiwe lile yalikuwa ya Kiingereza, na kabla ya Ubelgiji, kule Bukavu, baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Alisoma kila neno, kisha akanitoa sadaka.