Alby Atakuja Mwakani

Shemeji yangu Alby Treloar aliendesha greda kwenye barabara za milimani kwa miaka thelathini na minane. Mtajie kona yoyote kati ya hapa kwetu na kileleni, atakuambia ilibomoka lini na nani alikuwa amelewa siku hiyo. Nyumbani kwake alikuwa akipita tu kubadilisha soksi. Nasema hivyo kwa sababu aliyezifua hizo soksi ni dada yangu, Glenys, na mimi sina desturi ya kumpamba mtu.

Kila mwezi wa nne, ambao huku kusini mwa dunia kipupwe kinakaribia, miti ya mtaani ikishageuka manjano na baridi ya asubuhi ikianza kuuma vidole, Glenys alipanda mlimani kupiga kambi kwenye kibanda cha zamani cha wachunga ng'ombe. Alianza mwaka ambao Kerryn, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miezi saba. Tulikwenda watatu: yeye, mimi, na Kerryn mgongoni. Alby aliahidi kila mwaka, na kila mwaka simu ililia. Mara mti umeanguka, mara mawe yameporomoka, mara theluji imewahi. Akavaa buti, akaondoka. Tulikwenda kambi kumi na sita, naye hakukanyaga hata moja.

Glenys alifariki mwaka juzi. Mwaka huu Kerryn naye ana mtoto, Rowan, wa miezi saba vilevile, na aliyelianzisha jambo ni Alby mwenyewe, mezani kwangu, huku akichokonoa keki.

"Tumpeleke kijana mlimani," alisema. "Pasaka ikipita. Na mimi nakuja."

Kerryn hakuinua macho. "Baba, hiyo hadithi naijua tangu sina meno."

"Safari hii nakuja, mama."

"Sawa. Ila nisikilize. Ukighairi, sitagomba wala sitanuna. Sitakuomba kitu tena, basi. Na Rowan nitamfundisha asikungoje."

Alby alimeza keki kama anayemeza msumari. Sote tulijua hatanii.

Asubuhi ya Ijumaa gari lilikuwa linanguruma uani, mahema na nepi zimejaa hadi dirishani, simu ya Alby ikalia. Amestaafu, lakini wale wa barabara bado humpigia mambo yakiwazidi. Nilisikia: mti mkubwa, upande wa pili wa mlima, dereva mpya hana uzoefu. Kerryn alikuwa kiti cha mbele, mikono mapajani, anatazama mbele tu. Ana miaka thelathini na sita, lakini alikaa vilevile alivyokuwa akikaa ana mitano, na nikamchukia Alby kwa dakika nzima.

"Mwambie asiwe na haraka, atauweza," Alby akasema kwenye simu. "Mimi nina safari na mjukuu wangu."

Akarudi ndani. Alipotoka mikono ilikuwa mitupu. Simu aliiacha kwenye kopo la mkate.

Kutoka barabara inapoishia hadi kibandani ni saa nzima kwa miguu. Alby aling'ang'ania kumbeba Rowan mgongoni, magoti yakilalamika kila hatua.

"Shemeji, hayo ni magoti au mlango wa banda la kuku?"

"Nyamaza, Dulcie, utamwamsha mtoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa macho, anamvuta masikio kama hatamu. Kasuku weusi walipita juu yetu wakilia, na Alby akasimama ili Rowan awaone. Nilimwona Kerryn akiwatazama wote wawili, halafu akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kibanda hakijabadilika: mabati, mbao, meko ya mawe, harufu ya moshi na panya. Kwa ajili ya hao panya tulisimamisha mahema nje, mbali na matawi ya mikaratusi, kisha Alby akawasha moto ndani. Tulichoma soseji na mkate wa majivuni. Rowan akala kipande cha mkaa kabla hatujamuwahi, akatuchekea kwa ufizi mweusi. Kerryn akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tumzike mama yake.

Pembeni ya meko kuna sanduku la bati lenye madaftari ya wageni, ya zamani na jipya. Kila anayefika huandika. Nilijua yaliyomo na sikumwonya Alby. Nilifanya makusudi. Nilitaka asome.

Alisoma mchana ule ule, mwanga wa dirishani ukitosha, kidole kikifuata mwandiko wa Glenys ulioinama kulia.

"Tumefika watatu: mimi, Dulcie na Kerryn. Baridi kali, mtoto mzima wa afya. Alby ana kazi, atakuja mwakani."

Akafungua mwaka uliofuata. "Tumefika watatu. Alby atakuja mwakani." Na uliofuata. Na uliofuata. Maneno yalizidi kupungua, hadi pakabaki "Alby mwakani" tu, kama kitu kinachoandikwa kwa mazoea. Kerryn alikuja akasimama nyuma yake. Rowan alikuwa akigombana na kijiko.

Kwenye mwaka wa mwisho Alby akafika mwisho wa ukurasa, akageuza, akarudi.

"Hapa hajaniandika," alisema.

"Hajakuandika," nikamjibu.

"Alisahau?"

"Glenys asahau? Alichoka, shemeji."

Nilikuwa nimesubiri kulitoa jibu hilo miaka ishirini na moja, tangu kambi yetu ya mwisho, na nilipolitoa halikunipa raha hata kidogo. Alifunga daftari, akamchukua Rowan, akaenda kusimama naye nje mpaka soseji zilizobaki zikapoa.

Asubuhi, tulipokuwa tunakunja mahema, Kerryn aliingia kuandika kwenye daftari jipya. Akatoka kuniita. Lile la zamani lilikuwa wazi juu ya benchi, kwenye ukurasa ule wa mwisho wa Glenys. Chini ya mstari wake palikuwa na mwandiko mzito wa mtu aliyezoea usukani kuliko kalamu:

"Alby amefika. Amechelewa."

Ningetoa kila nilicho nacho dada yangu asimame pale mlangoni, na matope ya viatu vyake, asome maneno hayo matatu. Nililia bila kujificha. Kerryn hakulia. Aliufuta wino uliomchafua babake kwenye kidole gumba, kwa mate, kama anavyomfuta Rowan.

"Basi, Baba," akasema, "mwakani tukija—"

"Usilitaje hilo neno," Alby akamkatiza. "Niambie tarehe."

Kerryn alifikiri, akahesabu kwa vidole Pasaka itaangukia lini.

"Tarehe kumi, mwezi wa nne. Ijumaa."

Alby akachukua kalamu, akaiandika tarehe kwenye daftari jipya, na chini yake majina yetu yote manne, la kwake la kwanza.