Uji wa Kumtakasa Diwani

Ciakuthii amepika uji wa mtama pale sokoni Gachoka tangu afiwe na mumewe, na kwa uji huo amesomesha watoto wake wote. Soko lilipoahidiwa kisima, yeye alishangilia kuliko wote. Kisima kikachimbwa kweli, kwa pesa za umma, ila kikachimbwa ndani ya boma la diwani, nyuma ya geti la chuma. Redio zikapiga kelele wee, zikachoka. Ciakuthii akabaki kununua maji ya mto kwa wenye punda, bei ikipanda kila kiangazi, hadi akajua kibanda chake hakitafika msimu wa mvua.

Lakini waliomchefua zaidi ni wateja. Kila asubuhi walijaa kwenye benchi, kofia za chama kichwani, wakimtetea mwizi huku uji ukiwachuruzika midomoni.

"Kisima ni chetu, amekiweka kwake kisiharibiwe tu," alisema Mwalimu Njuki, mstaafu aliyejua kila kitu isipokuwa kuona haya. "Na kwani ni yeye wa kwanza? Wengine wamekula miaka yote, wetu akionja kidogo ni makelele. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, mama."

"Tena ni wa muviriga wetu," akadakia Muchangi, fundi wa baiskeli. "Mtu wa ukoo hatupwi."

Kisha wakamjia na agizo. Jumamosi ukoo ungekutana kumtakasa diwani, na ukoo ukikutana lazima uji uwepo.

"Unga ninao," Ciakuthii akawajibu. "Maji mtaleta ya kisima. Si mnasema ni chetu?"

Jumamosi wakabeba mitungi, wakaenda wakiimba. Ciakuthii akawasha moto akangoja, na moyoni, shingo upande, aliomba wafanikiwe.

Walirudi na mitungi mitupu. Mlinzi wa geti la diwani aliwauliza wao ni nani, kisha akawafungulia mbwa. Suruali ya Muchangi ilikuwa imeraruka hadi gotini. Ciakuthii akawatazama mmoja mmoja, akitafuta hata mmoja aliyekasirika.

"Mlinzi huyo ametumwa na wapinzani," Njuki akasema, akijipangusa vumbi. "Mheshimiwa akisikia, atalia."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali, wakamwomba maji ya kunywa.

Alikuwa na ndoo moja ya maji ya mto. Akaiinua na kuimwaga yote juu ya moto, wakimtazama, akabeba unga wake akaenda nyumbani.