Ngazi ya Mama Mkwe

Nilikuwa na miaka tisa baba alipoamua kwamba Makambako nzima lazima ijue ana ngazi. Alitaka iwe pana, ianzie katikati ya sebule, mgeni akifungua mlango tu aikute. Yeye angelala juu, aamke kwa raha zake, aone malori ya Mbeya na ya Songea yakipishana.

Chumba cha chini kilikuwa cha bibi, mama yake mama. Babu alishafariki, na bibi aliishi peke yake kijijini, upande wa Ilembula. Msimu wa baridi uliopita alianguka jikoni akalala sakafuni mpaka jirani alipomkuta asubuhi. Tangu hapo mama alimbembeleza ahamie kwetu, naye akawa anakataa. Safari hii alikubali kuja kukiona chumba kwanza.

Sasa, baba na bibi walikuwa wakwe wa kizamani. Hawakutazamana usoni wala kushikana mkono. Baba, mfanyabiashara mzima wa mbao, akimsikia bibi anakuja alijificha nyuma ya tanki la maji. Salamu aliitupa kwa mbali, "Kamwene, mama!", uso kaugeuzia ukutani. Mengine yote yalipitia kwangu, hata kama walikuwa hatua nne tu na kila mmoja anamsikia mwenzake.

Na kubwa kuliko yote: mkwe hapiti juu ya kichwa cha mama mkwe wake. Bibi alisema akipita tu, miguu yake itapata balaa. Baba alilijua hilo tangu harusi, ila kwenye ramani ya nyumba, ngazi ikapita sawasawa juu ya kitanda cha bibi.

Siku hiyo kuta zilikuwa zimesimama na mbao za kumwagia zege zimetandazwa juu. Bibi aliketi chumbani mwake juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukachambua maharage kwenye ungo. Baba hakujua kama tumefika. Akapanda kwenda kutazama barabara yake, tukamsikia anapiga mluzi. Mara, kraa! Ubao haukuwa na misumari.

Mguu wa baba ukaingia chumbani mpaka pajani. Buti la mvua likachomoka, likatua kwenye ungo, maharage yakaruka kila upande. Ukabaki mguu unaning'inia juu ya kichwa cha bibi, soksi imetoboka kwenye kidole gumba.

Bibi akajifunika kitenge gubigubi.

"Muulize huo mguu ni wa nani," akaniambia.

"Baba, bibi anauliza huo mguu ni wa nani."

Sauti ndogo ikatoka juu: "Mwambie ni wa fundi."

"Mwambie huyo fundi kesho narudi kwangu."

Nilikuwa nacheka mpaka nikamwona mama mlangoni. Alikaa juu ya matofali akalia. "Mama, ukianguka tena nani atakuokota?"

"Mungu ataniokota. Lakini mtoto wa watu hatapata balaa kwa ajili yangu."

Fundi Sanga, aliyekuwa akitujengea, akamchomoa baba. Baba akasimama nje ya ukuta na buti moja.

"Mwambie mama yangu," akasema, "yeye alale juu. Mimi nitalala chini."

"Mwambie nina magoti mabovu."

"Mwambie nitailaza ngazi, vipandio viwe vifupi."

"Bosi!" fundi Sanga akaruka. "Ukiilaza hivyo sebule imekwisha!"

"Ipeleke nyuma, pembeni ya jiko. Ashuke mpaka motoni bila kukutana na mimi."

"Na huko nani ataiona?"

Ilimuuma baba, niliona kabisa. "Ataiona anayeipanda," akasema.

Ngazi ikameza stoo yote. Vipandio vilikuwa vifupi hata kuku walipanda bila kuruka. Wageni walituuliza kama tunapandia dirishani. Bibi hakurudi tena kijijini. Mguu wa baba ulivimba wiki tatu, na kila jioni bibi alinipa maji ya moto yenye majani: "Mpelekee fundi." Baba akaishia kwenye chumba kinachotazama choo cha jirani, na kwa miaka kumi na moja hakukanyaga juu. Balbu ikiungua kule, niliitwa mimi.

Bibi alipofariki, matanga yalipokwisha, mama alimwambia baba sasa ahamie juu. Akachukua mto wake, akapanda vipandio vitatu, akasimama.

"Sitaweza," akasema, machozi yakimtoka. "Kila alfajiri nilikuwa namsikia anatembea, najua ameamka salama."

Akarudi chini, na mpaka leo analala huko. Utoto wangu wote nilidhani wale wawili wanaogopana, nami nikawacheka sana. Siku ile ndipo nilipojua kwamba baba, ambaye hakuwahi kumtazama usoni, alikuwa akiamka kabla yetu sote ili amsikilize.