Daftari Nililolizika

Mimi niliishia darasa la pili, lakini Geita nzima hapakuwa na mtu wa kunifundisha kuchoronga mwamba, kuutoboa kutafuta dhahabu. Nilianza kwa kubeba maji ya mashine ya kuchoronga, nikawa msimamizi. Jiwe nikililamba tu nakwambia limetoka kina gani.

Karani wetu, mtu mpole wa Runzewe, alikuwa rafiki yangu. Kila tulichotoa ardhini alikigeuza namba: shimo, kina, aina ya mwamba, dhahabu iliyopimwa. Namba zilipelekwa mjini, zikarudi zimekuwa kadi ngumu zenye matundu, za kusomwa na kompyuta. Maana ya kila safu ya matundu aliiandika kwenye daftari lake jeusi.

"Hizi kadi ni bubu, bwana mkubwa," alinitania. "Mdomo wake ni daftari."

"Mdomo ninao mimi."

"Huo wa kulamba mawe?"

Miaka saba tulikwenda hivyo, kisha ini likamuua. Wazee wetu wa Kisukuma walizikwa na ngozi ya ng'ombe wao. Karani nikaona azikwe na daftari. Nikamlaza nalo kifuani mbele ya watu wote. "Mtu aende na kazi yake," nikasema. Watu wakaitikia, nami nikajiona nimemheshimu kuliko ndugu zake.

Mwaka uliofuata akaja mtaalamu wa miamba, akataka kadi zisomwe upya. Mashine ikazisoma vizuri: namba tupu, safu kwa safu. Ipi kina, ipi dhahabu? Akanitazama mimi. Nikakimbilia ghala la sampuli, niyalambe mawe nijue kina chake na kukilinganisha na namba. Mchwa walishakula masanduku, mawe yamemwagika rundo moja. Nikalamba moja, nikalamba la pili. Yalikuwa mawe tu.

Nikaenda Runzewe kwa mjane, nikamkuta anapukuchua mahindi. Nilikusudia kuomba kaburi lifukuliwe.

"Shemeji," nikasema, "lile daftari linatafutwa."

"Si ulisema aende na kazi yake? Imekwenda."

Akaendelea kupukuchua. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo ile miaka saba aliyokuwa anakaa huko kwenu, sisi tukimsubiri hapa, hakuna mtu anayeweza kuisoma?"

"Hakuna, shemeji."

Akanisogezea hindi. Nikakaa chini nikapukuchua naye mpaka ungo ukajaa, na habari ya kaburi sikuitamka.