Nilivyomuandika Feza Ugonjwa

Nilimuandika mudogo wangu Feza herufi T kifuani, kwa kalamu ya ofisi ya baba, ile ukiilamba inaandika zambarau na haitoki kwa sabuni. Watoto walikuwa wanajipamba kwa sikukuu ya ubatizo. Wengine niliwachorea nyota na samaki. Feza alitaka kitu cha wakubwa, nami nikajiona mwenye akili kuliko mwalimu: T njo alama munganga anayowaandika wenye ugonjwa wa usingizi.

Kesho yake munganga akaja kupima mutaa wetu. Musaidizi wake akaona ile T, akamvuta Feza kwenye mustari wa wale wanaochomwa sindano ya mugongo. Mama akaanza kulia. Mimi ninayechekesha darasa zima, siku ile nilijificha nyuma ya watu.

Walipomuinamisha, Feza aliniangalia. "Yaya, waambie ni muchezo."

Njo nikasema, mbele ya mutaa muzima. Munganga alicheka mpaka akavua miwani. Mama alinishika sikio, akaongea polepole.

"Mimi sijui kusoma, niliamini ile alama ni ya munganga, njo maana nililia. Wewe uliyeandika, ulikuwa unangoja nini?"