Firigisi Nyuma ya Pazia

Kitale hakuna aliyetaka kucheza poka nami. Sisemi kwa majivuno. Haya, kwa majivuno kidogo. Mbele ya duka langu la mbegu na dawa za mifugo, msimu wa kupanda ukishapita, tuligeuza kreti ya soda ikawa meza, na hapo niliwanyoa watu bila maji. Siri yangu ilikuwa nyuso. Dalali wa mahindi akipata kadi nzuri hukuna sikio. Fundi cherehani akibanwa huanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Na mwenye bucha akishika kadi mbaya huuliza saa ni ngapi, ilhali amevaa saa.

Poka ya kwetu ni rahisi. Unaangusha kadi inayolingana na iliyo juu, kwa aina au kwa namba, na anayemaliza kwanza ndiye bingwa. Ukibakisha moja lazima utangaze, "Niko kadi!" Mwenye esi huagiza aina anayotaka, na asiye nayo huokota.

Basi Jumapili moja mimi na mke wangu tukaenda kwa wakwe, karibu na Mabanga. Mvua ilikuwa imenyesha, nikavua viatu mlangoni kwa sababu ya matope. Kuku alikuwa jikoni, na harufu yake ilinifanya nisahau salamu. Taabu ikawa moja: kuku ana firigisi moja, ambayo kwetu huliwa na wanaume tu, na wanaume tulikuwa wawili. Baba mkwe ni mwenye nyumba. Mimi ni mgeni wa heshima. Tukatazamana kama majogoo.

"Tuicheze," akasema mzee, akatoa kadi kwenye droo.

Nikacheka moyoni. Maskini mzee, alikuwa na uso mwepesi kuliko wa mwenye bucha.

Kabla hajagawa, sauti ikatoka nyuma ya pazia la mlango wa jikoni. "Na mimi mnipee kadi."

Alikuwa mama mkwe. Kwa mila yetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, wala hawaketi chumba kimoja. Tangu nioe, nilikuwa namjua kwa sauti na kwa mapishi tu.

"Wewe unataka filigisi ya nini?" mzee akauliza.

"Nimepika hiyo kitu tangu unioe. Ya wewe, ya pasta, ya chifu, ya wageni wako wote. Sijawai onja. Si unipee kadi, bana."

Mzee akagawa kadi za watu watatu. Mke wangu, ambaye naamini alifurahi kupita kiasi, akawa mjumbe: akasimama mlangoni, mkono mmoja huku, mmoja kule, akipokea kadi za mama yake na kuziweka mezani.

Nilijaribu kumsoma mama. Nilisoma nini? Pazia. Lilikuwa na picha za tausi, na tausi hakuni sikio. Hasira zikanipanda. Hata hivyo kadi zilinipenda, na baada ya muda nikapaza sauti: "Niko kadi!" Mkononi nilibaki na saba ya kopa.

Mama akatoa esi. Akaanza kutaja aina polepole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Nikiitisha uru… Nikiitisha pau… Shupaza je… Ama kopa…"

Nikaukaza uso.

"Ah-ah. Mimi naitisha pau."

Mzee akaangusha pau. Mimi nikaokota, nikaokota tena raundi iliyofuata, na kabla sijapumua mama alikuwa kadi, kisha alikuwa amemaliza. Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta akifuta machozi ya kicheko.

"Angalia miguu yako," akaniambia.

Nikainama. Pazia halikufika sakafuni. Soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kimechungulia nje kama panya.

"Kila ukisikia kitu tamu hicho kidole kinaruka," sauti ikasema. "Kwa kopa kimeruka sana."

Uso wangu nilikuwa nimeufundisha miaka. Miguu sikuwahi kuiambia lolote.

Sahani ikapita pazia. Mzee akatazama sakafu. Mimi niliona wivu, kwa kweli, halafu nikaona aibu kwa wivu huo, maana firigisi nimezila tangu utotoni na sikumbuki hata moja. Tukasikia anatafuna. Akatafuna sana.

"Kumbe ni hii tu?" mama akasema hatimaye. "Hii kitu ngumu kama ndala?"

Mzee akainua kichwa kwa matumaini. "Basi rudisha kidogo."

"Wee! Sirudishi."

Na akaendelea kutafuna.